Jina Otieno na Mipaka ya Usomaji wa Majazi

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi nchini Kenya hufunzwa mapema kwamba jina la mhusika laweza kuwa majazi, yaani jina linaloafiki tabia au hali ya anayeitwa. Kanuni hii imewafaa wahakiki wengi wa riwaya na tamthilia za Kiswahili. Hata hivyo, inapotumiwa kusoma jina la jadi ambalo halikubuniwa na mtunzi, huweza kupotosha. Makala haya yanachunguza jina moja la mtoto wa kiume, Otieno, lililo la kawaida mno katika Gatwekera, mojawapo ya vijiji vya Kibera jijini Nairobi ambako Wajaluo ni wengi. Tunadai kwamba Otieno halimwelezi mtu tabia yake. Linatangaza uhusiano wake na wengine. Mhakiki anayeishia kwenye tafsiri ya jina hilo ameacha kazi nusu.

2.0 Saa na Babu

Katika Kijaluo, otieno ni usiku. Jina hili limo katika mfululizo wa majina ya nyakati: Okinyi ni wa asubuhi, Onyango wa kabla ya adhuhuri, Ochieng' wa jua kali, Odhiambo wa jioni, Omondi wa alfajiri. Irabu O- kwa kawaida humwashiria mwanamume na A- mwanamke; ndiyo maana dada ya Otieno aliyezaliwa usiku huitwa Atieno. Jambo hili si geni kwa msomaji wa pwani anayewajua akina Juma na Hamisi. Aidha, kwa kuwa hakuna ukoo usiozaa usiku, umaarufu wa jina hili hauhitaji maelezo marefu.

Lakini saa si chanzo pekee. Wajaluo pia humpa mtoto jina la jamaa aliyefariki, hasa marehemu huyo akijitokeza katika ndoto ya mzazi au jamaa. Hivyo mtoto aliyezaliwa adhuhuri aweza kuwa Otieno kwa sababu babu yake alikuwa Otieno. Isitoshe, tangu majina ya baba yaanze kuandikwa katika vyeti, binti naye huitwa Otieno. Usiku wa nani, basi, unaotajwa hapo?

Wenyeji wa Nairobi wenyewe wanajua kwamba jina lenye wenyewe wengi halimtambulishi mtu. Ndiyo maana Otieno huwa Otis, Odhiambo huwa Odhis na Omondi huwa Omosh. Anayetafuta sifa za mtu binafsi azitafute katika lakabu anazopewa na marafiki, au katika pakruok, majigambo ya Kijaluo ambamo mtu hujisifu kwa majina aliyojichagulia.

3.0 Jina Mahakamani na Katika Shairi

Wakili Silvano Melea Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, ambaye ni Mkikuyu, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulidai azikwe Nyalgunga, Siaya, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi. Miongoni mwa waliouwakilisha ukoo alikuwa nduguye marehemu, Joash Ochieng' Ougo. Mhakiki wa majazi angefurahi: Jua limegombania mwili wa Usiku! Furaha hiyo haina faida. Ukiiangalia kesi kwa jicho la jina, swali lilikuwa ni nani mwenye haki ya kusema kwa niaba ya Otieno: mjane aliyelibeba jina hilo kwa ndoa, au ukoo uliolitoa.

Shairi la Marjorie Oludhe Macgoye, "A Freedom Song", linathibitisha hoja hii. Atieno ni msichana anayefanya kazi za nyumbani kwa jamaa zake, kisha anafariki kwa sababu ya uzazi. Ni rahisi kusema jina lake linaashiria giza la maisha yake. Usomaji huo unakosa kinachouma zaidi. Jina linarudiwa ubeti hadi ubeti, na aliye nalo ni mtoto wa ndugu. Jina ambalo lingempa haki za jamaa linatumiwa kuorodhesha kazi zake.

4.0 Hitimisho

Kosa hili haliishii darasani. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya, na katika sehemu mbalimbali za nchi jina la mtu lilitosha kumfanya awindwe. Waliowinda walisoma jina kama alama ya kabila, wakaona wamemaliza kumjua mwenye jina. Hatusemi kwamba mhakiki mvivu ni sawa na mwenye panga. Tunasema kwamba wote wawili wanaridhika na tafsiri ya neno moja.

Tunapendekeza, basi, kwamba mhakiki anayekutana na Otieno aulize maswali matatu: nani alimpa jina hilo, kwa ajili ya nani, na anayemwita sasa anataka nini kwake. Akishayajibu, ndipo aturudishie habari za usiku.