Alama ya Mpira

Nilipokuwa kijana nilijifunza tenisi katika kiwanja cha udongo mwekundu, na siku moja nilidanganya. Mzee niliyekuwa nikicheza naye aliupiga mpira ukaangukia juu ya mstari wa nyuma, upande wangu. "Vipi, kijana?" akauliza. "Nje, mzee," nikajibu. Na kabla hajaukaribia wavu nikapitisha kiatu juu ya alama, kana kwamba najiweka sawa tu. Akasema, "Haya," akaenda kuchukua mpira mwingine. Nilishinda siku ile. Sijakisahau kiatu kile.

Kisa hiki hunirudia kila mwaka mwishoni mwa Mei, yanapofika mashindano ya Roland Garros mjini Paris. Uwanja wake ulifunguliwa mwaka 1928 ukapewa jina la rubani aliyekufa katika Vita Kuu ya Kwanza, mzaliwa wa kisiwa cha Réunion kilichomo katika bahari yetu hii ya Hindi. Kati ya mashindano makuu manne ya tenisi duniani, haya peke yake huchezwa kwenye udongo. Wako wanaosema yanachosha. Udongo hupunguza kasi ya mpira na kuurusha juu, kwa hiyo pigo ambalo kwenye nyasi za Wimbledon lingemaliza ubishi, hapa hurudishwa mara tatu, mara nne. Lakini mvumilivu hula mbivu: Rafael Nadal alitwaa ubingwa hapa mara 14, kati ya mwaka 2005 na 2022, akashinda mechi 112 na kupoteza 4 tu.

Kwangu mimi, hata hivyo, thamani ya udongo haimo katika uvumilivu peke yake. Kinachoitwa udongo, kwa hakika, ni unga wa matofali yaliyosagwa, utando wa milimita moja au mbili uliotandazwa juu ya mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa. Utando huo mwembamba humwezesha mchezaji kuteleza, na pia huweka kumbukumbu. Mpira ukigusa, huacha alama. Mchezaji akiutilia shaka uamuzi, huacha kucheza papo hapo, na mwamuzi hushuka kutoka katika kiti chake kirefu, akainama, akatazama, ndipo akakata shauri. Mwenye macho haambiwi tazama.

Tusidhani kwamba alama humaliza ugomvi. Katika fainali ya mwaka 1999, Martina Hingis, msichana wa miaka 18 aliyekuwa namba moja duniani, alikuwa anamwongoza Steffi Graf kwa seti moja na 2-0 katika ya pili. Mpira wake mmoja ukatangazwa kuwa nje. Hingis hakuridhika, akauzunguka wavu, akaingia upande wa Graf kwenda kuionyesha alama mwenyewe. Kanuni hairuhusu jambo hilo, naye akakatwa pointi. Watazamaji wakamzomea. Alifika kuanzisha mpira akiwa 5-4, gemu moja tu kutoka kwenye kombe, asilimudu. Akashindwa 4-6, 7-5, 6-2, akarudi kwenye sherehe analia, mama yake kamshika. Ubingwa ule hakuupata maisha yake yote. Alama ilikuwepo, watu wote walikuwepo, na bado haikuleta amani.

Ndiyo maana mitambo ya kamera imekuja kwa nguvu. Australia na Marekani zilikwisha kuwaondoa waamuzi wa mistari. Wimbledon ikafuata mwaka 2025. Mwaka huohuo mashindano makubwa ya wanaume kwenye udongo nayo yakaingiza mitambo. Katika majuma yale, huko Stuttgart Aryna Sabalenka, na huko Madrid Alexander Zverev, kila mmoja alitoa simu akaipiga picha alama ambayo aliona inapingana na mtambo. Wote wawili walipewa onyo. Roland Garros peke yake, miongoni mwa yale makuu manne, iliendelea mwaka 2025 na watu wake wa mistari na mwamuzi anayeshuka kuangalia.

Je, ilifanya vyema? Wanaoitetea husema kwamba alama haidanganyi. Hoja hiyo ni dhaifu. Mpira hubonyea na kuteleza unapotua. Upepo hupeperusha unga. Na mwamuzi anaweza kuitazama alama ya mpira mwingine. Wala siwezi kusahau kwamba kwa mzee yule wa ujana wangu mtambo ungekuwa ndiyo haki. Yeye angepata pointi yake, nami nisingekuwa na la kufuta.

Lakini upo mchezo mmoja unaonizuia kuupa mtambo kura yangu. Ulichezwa Roma mwaka 2005, katika mashindano ya udongo yanayotangulia yale ya Paris. Andy Roddick alikuwa amebakiza pointi moja ampige Fernando Verdasco. Verdasco akaanzisha mpira wa pili. Mwamuzi wa mstari akasema nje. Mchezo ulikuwa umekwisha. Roddick akaitazama alama, akasema la, mpira ulikuwa ndani. Pointi akapewa Verdasco, ambaye alizinduka akashinda mechi nzima. Roddick aliondoka mashindanoni kwa kusema kweli.

Mtambo ungelitatua jambo lile kwa sekunde moja, bila Roddick kuulizwa neno. Verdasco angepata haki yake vilevile. Tofauti ni kwamba tusingejua Roddick ni mtu wa namna gani, na yeye mwenyewe asingejua. Mtambo unamzuia mwongo, na hilo ni jema. Lakini humwondolea mkweli nafasi yake. Nikiwekwa kwenye mizani, najua mimi nilikuwa upande upi. Hata hivyo naona ni heri Roland Garros iuache mlango huo wazi, ingawa watapita humo watu kama mimi pamoja na watu kama Roddick.

Kwenye udongo wachezaji wana desturi moja. Akiona mwenyewe kwamba mpira wa mwenzake ulikuwa mzuri, mchezaji huiendea alama akaifuta kwa kiatu, maana yake: nimekubali, tuendelee. Ni tendo lilelile nililolifanya mimi, mguu uleule na vumbi lilelile. Kila nikiliona kwenye televisheni namkumbuka mzee yule alivyosema "Haya," na sijui hadi leo kama aliiona alama kabla sijaifuta.