Fundi wa Kitabu cha Pili

Sisi wasomaji wa riwaya za mapenzi tuna maagano na waandishi wetu. Wivu uje, barua ipotee, wazazi wakatae, lakini mwishoni wawili wale wawe pamoja. Maagano hayo humfaa mwenye kuandika kitabu kimoja. Anayeandika mfululizo ana kazi nzito zaidi: kitabu chake cha pili kinafunguka pale pale tunapozoea kufunga. Mchawi ameshakufa, harusi inaandaliwa, na kurasa zaidi ya 600 zinangoja. Wengi hapo huleta adui mpya, au mpenzi wa zamani wa kuwagombanisha. Sarah J. Maas wa Marekani alikwenda kwingine, na kwa hilo namvulia kofia.

Katika A Court of Thorns and Roses, kilichotoka 2015, Feyre, msichana mwindaji, anachukuliwa hadi nchi ya viumbe wa kichawi, anampenda bwana wa nchi hiyo, Tamlin, na anakufa ili laana inayomfunga ivunjike. Anafufuliwa. Msomaji wa mapenzi anashusha pumzi. Mwaka uliofuata kikaja cha pili, A Court of Mist and Fury, na mwanzoni kabisa Feyre anaamka usiku akitapika kwa ajili ya jinamizi la yale aliyoyatenda, na Tamlin haamki. Hakuna tusi wala fumanizi. Maas ameweka kitanda na bafu tu, na tayari moyo wako umeanza kuingia baridi.

Kisha siku ya harusi. Njia anayopita bibi harusi imetandazwa maua, na katikati yake kuna petali nyekundu za waridi, ilhali Feyre alisema hataki rangi nyekundu. Yeye anaona damu. Miguu inagoma, wageni wanatazama, na moyoni anaomba mtu yeyote aje amwokoe. Nimesoma harusi nyingi zilizovurugwa na wapinzani, lakini hii inavurugwa na rangi ya petali, na kila mwanamke aliyewahi kutabasamu mbele ya wageni huku tumbo likimkataza ataielewa bila maelezo.

Vitabu hivi navisoma katika matatu za barabara ya Namanga, baina ya Kitengela na Kajiado, na sidhani kuna mahali pafaapo zaidi pa kumsoma Tamlin. Kwetu, anayenunua ploti husimamisha nguzo na seng'enge kabla hajachimba msingi, kwa nia njema kabisa: analinda alichokitolea jasho. Lakini hii ndiyo nyika wanayopita nyumbu na pundamilia wakitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kutafuta malisho, na imebanwa kiasi kwamba mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa kila ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua. Tamlin naye anapiga seng'enge kwa mapenzi. Anaweka walinzi, anamkataza Feyre kutoka, na mwishowe anaifunga nyumba yote kwa uchawi, Feyre akiwa ndani. Maas hamfanyi kuwa dubwana. Anamwacha aamini kwamba analinda, na hapo ndipo panapotisha.

Wapo wanaodai mwandishi alimharibu Tamlin makusudi ili Rhysand, yule tuliyemchukia katika kitabu cha kwanza, apate kung'ara. Sikubali, na ushahidi uko rafuni. Rudi kwenye kitabu cha kwanza, Feyre akiwa mateka wa mchawi wa laana ile: Tamlin anapata dakika chache peke yake naye, na badala ya kutafuta jinsi ya kumtorosha, anambusu. Tulipoisoma mara ya kwanza tuliiona ni mahaba. Rudi pia karibu na mwisho, Rhysand anapokuja kumuaga: anamtazama Feyre, anashtuka, anayumba, anatoweka bila kueleza. Tuliipita sentensi hiyo kama watu wenye haraka ya kufika harusini. Maas alituwekea neno zima pale na kulinyamazia kitabu kizima.

Jibu linakuja katika nyumba ndogo milimani. Desturi ya viumbe wale ni kwamba mwanamke akimpa chakula mwanamume aliyefungamana naye, ameikubali posa. Feyre ameshajua kwamba yeye na Rhysand wamefungamana hivyo na kwamba Rhysand alimficha, na amekasirika kwa haki. Kwa hiyo supu ya kumpa ipo, lakini Rhysand anaeleza kwanza, tangu siku aliyoanza kumwota hadi ule mshtuko wa kuagana, na kila anachokisema kinaangukia tukio tulilokwisha kulisoma na kulielewa vibaya. Wapenzi wengi wa riwaya hupatanishwa na mvua na kumbatio. Hawa wanapatanishwa na maelezo kamili, na mwanamke ndiye anayeamua yametosha au hayajatosha. Huo ni ufundi wa mtu anayewaheshimu wasomaji wa mapenzi, wanaodharauliwa mno kwamba hawasomi kwa makini.

Anayetaka kuazima vitabu hivi kwangu nampa vyote viwili kwa pamoja, na ninamwomba akimaliza cha pili asivirudishe kabla hajasoma tena sura tatu za mwisho za cha kwanza.