Reli ya Mlimani Huhukumiwa Ikiteremka

Kiti kizuri kwenye treni ya Bernina ni kile kilicho karibu na magurudumu, hata kama hakina dirisha la maana. Najua watu watanicheka. Wamelipa nauli ya Uswisi, ambayo si ya kitoto, waje waone barafu na maziwa, halafu huyu anawaambia wakasikilize chuma. Lakini barafu aliiweka Mwenyezi Mungu. Anayetaka kujua fundi alifanya nini hana budi aisikilize reli.

Tuanze na njia yenyewe. Kutoka St. Moritz nchini Uswisi hadi Tirano, mji mdogo wa Italia, ni kilomita 61 hivi. Ilifunguliwa vipande vipande kuanzia mwaka 1908, ikakamilika 1910. Upana wake ni milimita 1,000, sawasawa na reli ya MGR ya Dar es Salaam kwenda Kigoma na ile reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu. Mtu wa Tabora akiinama pale stesheni ya St. Moritz, anaangalia reli anayoijua tangu utotoni. Kilicho kigeni kwake ni waya unaopita juu: treni hizi zimekwenda kwa umeme tangu siku ya kwanza, na leo waya huo una volti 1,000 za mkondo mnyoofu. Kigeni kingine ni mwinuko. Njia hupanda hadi mita 2,253 pale Ospizio Bernina, kisha huporomoka hadi mita 429 Tirano, na pahali penye ukali hupanda mita 70 kwa kila kilomita. Milima mingine ya Ulaya huwekewa reli ya meno katikati ili gurudumu lipate pa kung'ata. Huku hakuna meno. Ni chuma kikavu juu ya chuma, na uzito wa treni ndio unaoishika njia.

Sasa, watu husifu treni inayopanda. Mimi nasema kupanda ni suala la nguvu, na nguvu hununuliwa. Ufundi uko kwenye kuteremka. Dereva anayezuia tani zote zile kwa kubana breki tu atazipasha moto, na abiria wa nyuma watanusa chuma kilichoungua. Dereva mzuri huigeuza mota ya treni kuwa jenereta: magurudumu yanaizungusha, nayo inayakaba. Utasikia mvumo mmoja wa chini usiokatika, kama wa cherehani ya fundi aliyeshika mshono mrefu. Mvumo ukikatika-katika, ujue dereva anabahatisha.

Kipimo changu ni kikombe cha chai. Kiwe kipana sentimita 8, ukijaze hadi kibaki upana wa kidole, ukiweke mezani treni inapoondoka Alp Grüm. Kuanzia hapo, mita 2,091, hadi Poschiavo, mita 1,014, hutapata mteremko bora wa kumpimia dereva na njia. Meza imeinama pamoja na behewa lakini chai haikubali kuinama, kwa hiyo kwenye mteremko mkali chai ya upande wa mbele husimama juu kidogo ya nusu sentimita kuliko ya nyuma. Tia jicho hapo. Mwendo ukiwa mmoja, mstari huo hautikisiki. Dereva akikaba ghafla, chai inapanda ukuta wa mbele, akiachia, inarudi. Safari yangu ya mwisho mstari ulisogea mara mbili tu hadi Poschiavo, na mara zote mbili tulikuwa tunaingia stesheni. Kwenye njia nyingine ya mpakani, ambayo sitaitaja, chai ilishaingia kwenye shati langu kabla ya kona ya tatu.

Baada ya dereva, mkague mjenzi, na huyo utamkuta kwenye kona. Upana mdogo wa reli ndio unaoruhusu kona ambazo treni kubwa isingethubutu. Bernina kuna kona zenye nusu kipenyo cha mita 45. Reli ya nje huinuliwa kidogo kuliko ya ndani, na kona iliyopimwa vizuri haianzi kwa ghafla: hujipinda pole, ndipo ikaze. Masikio yatakueleza. Ukingo wa gurudumu unaposugua ubavu wa reli hutoa mluzi. Kwenye kona safi mluzi huja kama mtu anayeukaribia mlango, hukua, kisha huondoka. Kwenye kona mbovu husikii akikaribia, unasikia mlango umepigwa teke.

Daraja la mzunguko la Brusio kila mtu analijua kwa picha: matao 9, urefu wa mita 110. Behewa zima husimama na simu mkononi. Wachache hujiuliza kwa nini lipo. Bonde pale linashuka haraka kuliko treni inavyoweza, na mhandisi hakutaka kuvuka kiwango chake cha mita 70 kwa kilomita. Alihitaji urefu zaidi wa njia mahali pasipo na nafasi, basi akaizungusha: treni inapita juu ya daraja, inazunguka uwanjani, inapenya chini ya tao mojawapo la daraja lile lile. Kwenye njia dada ya Albula mizunguko ya namna hii imefichwa ndani ya mahandaki. Hapa imeachwa wazi, kila mpita njia aikague. Angalia mawe. Daraja lililopinda humtesa mwashi, maana ukingo wa nje ni mrefu kuliko wa ndani, na ile tofauti lazima aimeze mahali fulani bila jicho kuliona kovu. Nimelitafuta kovu hilo mara nyingi, sijaliona. Njia hii na ile ya Albula ziliingizwa pamoja kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na mimi sina neno.

Wapo watakaokuambia Centovalli ni tamu zaidi, ile ya kutoka Locarno, Uswisi, hadi Domodossola, Italia. Ilifunguliwa 1923, ina kilomita 52, nayo pia ni ya mita moja na ya umeme. Kampuni mbili, moja kila upande wa mpaka, zinaitunza, kwa hiyo kipimo chake ni cha peke yake: fumba macho unapovuka mpaka, ujaribu kukisia umeingia nchi gani. Kwa misitu na madaraja yake ya korongoni naipa haki yake. Kwa mteremko, haiigusi Bernina.

Mwisho wa Bernina una jambo moja ninalolipenda kuliko barafu zote. Baada ya mpaka, treni iliyotoka kwenye theluji inaingia mjini Tirano na kupita katika uwanja ulio mbele ya kanisa la Madonna, magari yamesimama kuisubiri kama yanavyosubiri ng'ombe wavuke. Dereva aliyeushika mlima wote sasa anatembea mwendo wa mtu mwenye kikapu. Mbele yake kuna stesheni mbili zilizopakana, moja ya reli hii, ya pili ya reli pana ya Italia inayokwenda Milano.

Ukienda, usinunue tiketi ya mabehewa ya kitalii yenye vioo hadi darini. Vioo vyake havifunguki na mluzi wa kona hutausikia. Panda treni ya kawaida ya wenyeji. Haihitaji kuweka nafasi, ina madirisha ya kufungua, na chupa ya chai ubebe mwenyewe.