Heko Fundi Gitaa na Ruta Yake ya Kuning'inia

Ukanda mwembamba unaozunguka kingo za gitaa si pambo tu. Unaziba ncha za nyuzi za mbao zisinyonye unyevu, na gitaa likigongwa, wenyewe ndio unaoumia kwanza. Kuuchimbia mfereji, hata hivyo, ni kazi ya roho mkononi. Uso na mgongo wa gitaa la akustika vimebinuka kidogo, kwa hiyo ruta, mashine ya kuchimbia mfereji huo, ikilazwa juu yake huinama, na mfereji hutoka umekaa upande.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia mafundi wanaojiundia kifaa. Plaiwudi, skrubu, na reli za droo, zile zile za makabati ya jikoni! Reli zinafungwa wima ili ruta ipande na kushuka bila kuyumba. Chini yake kuna kipete kinachogusa uso karibu na ukingo tu, huku beringi ikifuata ubavu. Gitaa ndilo linalozungushwa.

Kiunoni kuna mtihani wake: ukikata kutoka hapo kuelekea penye upana, mbao laini hung'oka vibanzi. Mjuzi huanzia penye upana na kushukia kiunoni, kidogo kidogo. Vifaa vya dukani vipo, tena vizuri. Ila reli zisipolegea, sioni cha kukitolea kasoro hiki cha nyumbani.