Squid Inavyoiachia Saraka Kazi ya Kumtambua Mtumiaji

Kumbukumbu za proksi zinazotaja anwani za IP peke yake hazimsaidii msimamizi wa mtandao. Kompyuta moja ya maktaba hutumiwa na wanafunzi wengi kwa siku, na DHCP hugawa anwani upya kila mara. Ndiyo maana ofisi na vyuo vingi vinavyotumia Squid, programu huria ya proksi iliyotokana na mradi wa Harvest katikati ya miaka ya 1990, hutaka mtumiaji ajulikane kwa jina kabla ya kuruhusiwa kutoka. Majina na nywila tayari zimo kwenye seva ya saraka, iwe OpenLDAP au Active Directory. Kilichobaki ni kuifanya proksi iisikilize saraka hiyo bila kujaziwa nakala ya nywila za watu.

Waliounda Squid walitatua jambo hili kwa namna ninayoiheshimu sana: Squid yenyewe haizungumzi LDAP, lugha ya saraka hizo, katika kazi hii. Huwasha programu ndogo ya msaada, basic_ldap_auth, ambayo zamani iliitwa squid_ldap_auth, kisha huipa mstari mmoja wenye jina na nywila. Programu hiyo hujibu OK au ERR. Kwa kuwa mazungumzo ni mepesi hivyo, fundi anaweza kuiendesha kwa mkono kwenye terminali, aandike jina lake na nywila, na kuona jibu papo hapo. Ikijibu ERR hapo, tatizo liko kati ya programu hiyo na saraka, na kuendelea kupekua kanuni za squid.conf, faili la mipangilio ya Squid, ni kupoteza muda.

Upande wa mtumiaji, safari huanza kwa kukataliwa. Kivinjari huomba ukurasa, Squid hurudisha jibu namba 407, na kisanduku cha jina na nywila hutokea. Kuanzia hapo kivinjari huambatisha kichwa cha Proxy-Authorization kwenye kila ombi kinalolipeleka kwa proksi. Kumbukumbu za Squid zitaonyesha TCP_DENIED/407 mara kwa mara. Hizo si dalili za ubovu, ni hatua ya kwanza ya mazungumzo.

Kiini cha mbinu yote kimo katika anachofanya msaidizi, yaani basic_ldap_auth, baada ya kupokea ule mstari wa jina na nywila. Kwanza hutafuta: kwa chujio kama uid=%s, au sAMAccountName=%s kwa Active Directory, huiomba saraka impe jina kamili la mtumiaji ndani ya mti wake, yaani DN. Pili hujaribu kuingia kwenye saraka kwa DN hiyo na nywila aliyopewa. Saraka ikimpokea, jibu ni OK. Proksi haisomi nywila iliyohifadhiwa wala hailinganishi chochote. Hukumu yote hutolewa na saraka, pamoja na masharti yake ya akaunti zilizofungwa na nywila zilizoisha muda. Kwa hiyo akaunti ambayo msaidizi huitumia katika hatua ya kutafuta haihitaji mamlaka yoyote zaidi ya kusoma majina. Kuipa proksi akaunti ya msimamizi mkuu wa saraka, kama wengine wafanyavyo ili mambo yaende haraka, ni hatari isiyo na faida hata kidogo. Nywila ya akaunti hiyo nayo isiandikwe kwenye mstari wa amri, ambako yeyote anayeorodhesha michakato ya mashine anaweza kuiona. Msaidizi hupokea alama ya -W inayoisoma kutoka kwenye faili.

Anayetaka kuandika msaidizi wake mwenyewe ajihadhari na nywila tupu. Kwa mujibu wa RFC 4513, kuingia kwa DN halali bila nywila kunaweza kupokewa na seva kama ziara ya mgeni asiye na jina, na programu isiyo makini itadhani mtumiaji amethibitishwa. Msaidizi wa Squid huikataa nywila tupu kabla hata ya kuuliza. Vilevile nyota na mabano ndani ya jina la mtumiaji lazima vibadilishwe kabla ya kuingia kwenye chujio, la sivyo mtu ataandika upya swali lenyewe.

Squid haiulizi saraka kwa kila picha ya kila ukurasa, maana ingeielemea. Hukumbuka jibu kwa muda uliowekwa kwenye credentialsttl, ambao kwa kawaida ni saa 2. Maana yake ni kwamba mfanyakazi aliyefungiwa akaunti saa nne asubuhi anaweza kuendelea kupita hadi karibu na saa sita. Mimi ningeushusha muda huo hadi dakika 15 au 30 pale ambapo saraka iko jirani na ina nguvu, kwa sababu kufunga akaunti kunapaswa kuwa kufunga kweli.

Usiri wa njia una sehemu mbili, na ya pili husahaulika. Kati ya msaidizi na saraka, wengi hukumbuka kuwasha TLS kwenye poti 389 au kutumia 636. Lakini kati ya kivinjari na proksi, nywila huwa imefungwa kwa Base64 tu, na yeyote anayenasa mawasiliano ya mtandao wa ndani huifungua mara moja. Nywila hiyo ndiyo inayofungua pia barua pepe na mafaili ya mtu huyo. Proksi inaweza kupokea wateja kwa TLS kupitia https_port, na Chrome na Firefox huiweza. Mahali penye Active Directory ningechagua Kerberos: kivinjari hutoa tiketi badala ya nywila, mradi saa za mashine zisipishane zaidi ya dakika 5 na proksi itajwe kwa jina lake kamili, si kwa IP. LDAP hubaki na kazi ya kujibu mtu yumo kwenye kundi gani, kupitia ext_ldap_group_acl.

Utambuzi huu haufanyi kazi pale trafiki inaponaswa kimyakimya na kuelekezwa kwa proksi. Kivinjari huamini kinaongea na tovuti yenyewe, hivyo hakina sababu ya kumpa nywila mtu wa kati. Lazima kiambiwe waziwazi kuna proksi, kwa mipangilio ya mashine au kwa faili la PAC linalokielekeza kwa proksi. Na kwenye squid.conf, mistari ya http_access husomwa kutoka juu, wa kwanza unaolingana ndio unaoamua: ule unaoruhusu mtandao wote wa ndani ukitangulia, hakuna atakayeulizwa jina.