Vitafunio vya Ng'ambo ya Tabora

Msomaji wa visiwani akisikia jina Ng'ambo, fikra humwendea Unguja, upande wa pili wa hori lililokuwa likiutenga mtaa huo na Mji Mkongwe kabla ya kufukiwa. Tabora nayo ina Ng'ambo yake, na migahawa yake midogo yastahili kusomwa kama lisomwavyo shairi: kwa kutazama neno gani limewekwa kando ya neno gani.

Mezani huletwa chai ya maziwa, sambusa, chapati, bagia na kachumbari. Sambusa asili ya jina lake ni Uajemi. Chapati, bagia na kachumbari zimetoka Bara Hindi. Vyote hivyo huitwa vitafunio, neno lililozaliwa na kitenzi kutafuna, na wageni wote hao wakakaa chini ya jina hilo la ngeli ya ki-vi bila ya kuulizwa walikotoka. Hata nyumba yenyewe huitwa hoteli, ingawa hakuna alalaye humo. Hiyo ndiyo tafsiri iliyoiva: mlaji haoni mshono.

Hapa ndipo baadhi ya ushairi wa pwani unapopungukiwa. Huitaja Tabora kama kituo tu: msafara watua, wapumzika, washika njia ya Ujiji. Bara huwa njia, haiwi nyumba. Na lugha husemwa kuwa ilipelekwa huko, kana kwamba mpokeaji alikaa kitako akingoja. Historia yasema vingine. Wanyamwezi walikuwa wakifika pwani na misafara yao wenyewe mwanzoni mwa karne ya 19, kabla ya wafanyabiashara wa Kiarabu kuweka makazi Tabora katikati ya karne hiyo. Mabega yaliyoshusha pembe pwani ndiyo yaliyopandisha nguo, shanga na maneno.

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ni nathari ya Kiswahili yenye nguvu, na Tabora imo ndani yake. Lakini wapagazi humo huonekana zaidi kama hesabu au kama watoro; mpishi wa msafara hana sauti. Wako pia waliotembea njia ile wakiwa watumwa. Shairi lisifulo harufu ya viungo vya misafara na kuwanyamazia hao huweza kutimiza vina na mizani, ila ukweli wake umepunguka.

Mshairi atakaye kuandika juu ya njia hiyo hana budi kukaa kwenye benchi la mgahawa na kusikiliza kabla ya kuhukumu. Atasikia Kiswahili kinachoagiza, kinachotania, kinachodai chenji, na kisichojiona mgeni. Mwenye kukiita cha kuazima akumbuke kuwa ng'ambo ni neno la mahali aliposimama msemaji: kwa mtu wa Tabora, huko ni pwani.