Fimbo Mbili Ufukweni: Kazi Iko Nyuma ya Nyonga

Mtu akishika fimbo mbili za kutembelea kwa mara ya kwanza, mwendo wake huharibika papo hapo. Mkono wa kulia unatoka pamoja na mguu wa kulia, mabega yanakakamaa, macho yanabaki chini. Akili yote imehamia kwenye fimbo. Ndiyo maana somo zuri huanza kwa kutozitumia. Kwa Mwanza, mchanga mkavu wa fukwe za Ilemela, kama pale Tunza, unafaa sana: vaa mikanda viganjani, legeza mikono ining'inie, kisha tembea huku fimbo zikiburuzika nyuma yako. Usizisukume wala usizinyanyue. Mikono yenyewe itarudia mpangilio wake wa siku zote, wa kushoto ukienda na mguu wa kulia, na ncha zitaanza kushika mchanga bila kulazimishwa.

Mtindo huu wa kutembea na fimbo mbili ulizaliwa Finland, ambako wanamichezo wa kuteleza kwenye theluji walitembea na fimbo zao kiangazi ili wasipoteze nguvu. Mwaka 1997 kampuni ya Exel ilitoa fimbo za watembeaji wa kawaida, na kilichozitofautisha hasa ni mkanda wake, ulioshonwa kama glavu isiyo na vidole. Wengi huuona kama pambo, lakini mimi nauona ndio moyo wa chombo chote.

Tazama mkono mmoja kwa makini. Unakwenda mbele kama wa mtu anayetaka kusalimiana, kiwiko kimekunjika kidogo tu. Ncha inagusa ardhi usawa wa mguu wa nyuma au katikati ya hatua, wala haitangulii vidole vya mbele. Fimbo imelala, kichwa chake kikielekea mbele. Kiganja kinabana, kinasukuma chini na nyuma, kinapita nyonga, na hapo vidole vinafunguka kabisa. Nguvu ya mwisho inapita kwenye mkanda. Asiyefungua vidole hawezi kuufikisha mkono nyuma, kwa hiyo msukumo unakatika ubavuni, na misuli ya mgongo na nyuma ya mkono inakosa kazi yake.

Mchanga hautaficha kosa. Geuka uangalie matundu uliyoyaacha. Tundu lililochimbwa kwa mshazari linaonyesha kwamba umesukuma. Tundu lililosimama wima linaonyesha umeegemea, kama mzee na mkongojo wake. Waliopanda Kilimanjaro hukosea hapa zaidi kuliko wengine, kwa sababu mlimani, hasa wakati wa kushuka, fimbo hutangulia mwili ili kuubeba. Ufukweni fimbo inafuata.

Kuhusu urefu, zidisha kimo chako kwa 0.68. Mwenye sentimita 165 atapata kama 112, na anayejifunza anaweza kuanza na 110. Fimbo ikisimama wima kando yako, kiwiko kikae karibu na pembe mraba.

Faida yake imepimwa. Utafiti wa Taasisi ya Cooper ya Dallas, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta mwili ukitumia oksijeni zaidi kwa takriban asilimia 20 kuliko katika kutembea kawaida. Mwaka 2022 watafiti wa Ottawa, Kanada, walitoa matokeo ya wagonjwa 130 wa mishipa ya moyo: waliofundishwa fimbo waliongeza zaidi umbali wa kutembea kwa dakika sita kuliko wenzao wa mazoezi mengine. Ila dai kwamba fimbo huyapunguzia magoti mzigo mkubwa kwenye tambarare silikubali, kwani vipimo vya maabara vinapingana.

Ukishaelewa tambarare, panda barabara ya Capri Point. Kwenye mlima mwili huinama kidogo mbele na msukumo hujionyesha wenyewe. Kwenye lami vaa kofia za mpira kwenye ncha, na tembea upande unaoziona bodaboda zikikujia. Miamba ya Mwanza iliyolowa iache, mpira huteleza juu yake. Na ufukweni usikate njia majini, kichocho bado kipo ziwani.

Vijiti vya mti visivyo na mkanda sivipendekezi. Ni vizito, na vidole haviwezi kuviachia. Fimbo za mlimani zenye mikanda zinaweza kusaidia mtu kuanza, mradi mkanda ubane kiganja. Ukizikosa, usisubiri: tembea haraka mikono mitupu hadi ufikishe zile dakika 150 kwa wiki zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Na kama una ugonjwa wa moyo, kisukari au presha, zungumza na daktari wako kabla ya kuongeza kasi.